Mombo, Soni, Lushoto: Barabara Moja Inayoubeba Mlima

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha huijua Mombo kwa hoteli zake za kando ya barabara, kwa joto lake, na kwa dakika chache za kunyoosha miguu kabla basi halijaendelea na safari. Upande wa kulia mlima wa Usambara umesimama wima kiasi kwamba anayeuona kwa mara ya kwanza hadhani kwamba juu yake kuna wilaya nzima yenye watu wengi, mashamba, hospitali, vyuo na mahakama. Njia ya kufika huko inaanzia palepale Mombo. Ni nyembamba, urefu wake hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika hesabu za serikali ni barabara ya mkoa tu, si barabara kuu. Ninaiandika kwa sababu nimekulia kando yake, na kwa sababu naamini ni chache sana barabara za daraja lake nchini Tanzania zinazobebeshwa mzigo kama huu na kuzungumzwa kidogo namna hii, isipokuwa siku zinapofungwa na maporomoko ya udongo.

Mombo iko tambarare, kiasi cha mita 400 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya mkonge na majaruba ya mpunga. Maji ya mpunga huo yanatoka mlimani, kwenye mto uleule unaoporomoka Soni kisha ukashuka kwa kishindo katika korongo ambalo barabara inalifuata. Kwa hiyo mtu anayepanda Lushoto anapanda akiwa na mto ubavuni, barabara ikikwea na maji yakiteremka, na mara nyingi huyasikia kabla hajayaona. Baada ya kilomita chache za mwanzo kona huanza kufuatana bila kupumzika: upande mmoja ukuta wa mwamba na udongo mwekundu, upande wa pili bonde. Dereva anayeijua njia hupiga honi kabla ya kila kona isiyoonyesha mbele, na anayeshuka humpisha anayepanda na mzigo, kwa kuwa gari lililopoteza mwendo kwenye mwinuko huu ni kazi kubwa kulikwamua. Kwenye malori yaendayo polepole utamwona utingo ameshuka, anatembea nyuma ya gurudumu la nyuma akiwa na kabari ya mti begani, tayari kuitupa chini ya tairi endapo injini itazima. Kazi hiyo haina kiti wala kivuli, na usalama wa gari zima huwa mikononi mwake.

Joto la Mombo hupungua taratibu kadiri unavyopanda. Unapofika Soni, ukiwa umekwishapita zaidi ya nusu ya njia, hewa imebadilika kabisa, na migomba, mikahawa na miti ya matunda ya nchi za baridi imechukua nafasi ya mkonge na michongoma. Mpaka kufika Lushoto barabara itakuwa imepanda karibu mita 1,000. Wasambaa wa zamani, wenyeji wa mlima huu, waliugawa ulimwengu wao kwa mwinuko huohuo: juu palikuwa Shambaai, penye mvua, migomba na afya, na chini palikuwa nyika, penye ukame, malaria na hatari, lakini pia penye wanyama, chumvi, majirani na biashara. Vijiji vingi vya kale vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo mtu angeweza kulima juu na kushuka nyikani kwa haja zake akarudi. Njia za miguu za kupanda na kushuka zilikuwako karne nyingi kabla ya mhandisi yeyote kufika.

Historia ya utawala wa milima hii nayo inasomeka vizuri zaidi ukiitazama kwa jicho la njia. Wakilindi, watawala waliotokana na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, walifanya Vuga kuwa makao yao, mji ulio juu ya mlima, kiasi cha mwendo mfupi kutoka Soni ya leo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi iliyoenea kutoka milimani hadi karibu na pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake nguvu zikaanza kuteremka. Mwanawe Semboja hakukaa Vuga. Alikaa Mazinde, chini nyikani, kaskazini kidogo ya Mombo, palipopita misafara iliyotoka Pangani kwenda bara. Kwa kukaa kwenye njia alipata bunduki na bidhaa ambazo mtawala wa mlimani hakuzipata, na kwa bunduki hizo akawapiga ndugu zake wa juu na Vuga ikateketezwa. Heshima ya kifalme, mvua na matambiko vilibaki milimani, lakini uwezo wa kushinda vita ulikuwa umehamia kando ya njia. Kila ninapopita kwenye makutano ya Mombo humkumbuka Semboja, kwa maana tangu wakati wake mtu wa mlimani amekuwa akitegemea kilichopo chini kwa namna ambayo babu zake hawakuitegemea.

Wamisionari wa Kijerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, ndani kabisa ya milima, wakati bado hapakuwa na barabara ya magurudumu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, ujenzi wa reli ya Usambara ukaanza Tanga. Kampuni iliyoianzisha iliishiwa na fedha njiani, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kabla ya kusukumwa polepole hadi Moshi mwaka 1911. Kwa miaka kadhaa, basi, Mombo ndiyo iliyokuwa mwisho wa reli, na juu yake ulikuwako mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Walowezi, maofisa na wagonjwa wa malaria walishuka kwenye treni Mombo na kutafuta namna ya kupanda kwenye baridi. Njia ya Mombo hadi Wilhelmstal ilipata umuhimu wake kwa ajili ya watu hao: wa kwanza kufikiriwa walikuwa wale waliotaka kuondoka kwenye joto, na mkulima wa Kisambaa hakuwamo katika mpango huo ila kama mikono ya kazi.

Mikono hiyo haikupatikana kwa hiari. Msambaa aliyekuwa na migomba yake na mahindi yake hakuwa na sababu ya kwenda kuwafanyia kazi walowezi kwa ujira mdogo. Mwaka 1907 utawala wa wilaya ya Wilhelmstal ukaleta kadi za kazi: kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa malipo yaliyopangwa, na asiyeijaza alichukuliwa kwenye kazi za umma. Sisemi kwamba kila jiwe la barabara hii liliwekwa na mtu wa kadi, lakini ni vigumu kusimama kwenye kona zilizochongwa kwenye mwamba, mahali ambapo hata leo greda hufanya kazi kwa taabu, bila kuwafikiria waliofanya kazi hizo kwa sululu na karai huku mashamba yao yakiota magugu nyumbani.

Si kila mzigo ulipitia njia hii. Huko Shume, kwenye misitu ya mwangati, kampuni ya Wilkins & Wiese ilifunga waya wa kushushia magogo kutoka mlimani hadi Mkumbara, penye reli, kwa urefu wa kama kilomita 9, kazi ya uhandisi iliyowashangaza watu wa zama hizo. Nauleta waya huo hapa kwa sababu moja: unaonyesha kwamba wenye mtaji walipotaka mbao zishuke haraka, waliweza kuuruka mlima mzima kwa chuma. Waya ule haupo tena, na magogo yaliyoshushwa hayakurudi. Barabara ya kona ndiyo iliyobaki, nayo ndiyo iliyowafaa watu wengi.

Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Mombo na kupanda hadi Wilhelmstal, na chini ya utawala mpya mji ukaitwa Lushoto. Mahali palibaki kuwa pa mapumziko ya wakubwa. Hata gavana alikuwa na nyumba yake huko, ambayo ni Ikulu ndogo hadi leo. Kwa wakulima, hata hivyo, zama za Waingereza hukumbukwa zaidi kwa matuta. Mpango ulianzia Mlalo mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1950 ukatandazwa katika Usambara yote: watu waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko mikali ili kuzuia mmomonyoko, na aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa kijana wakati huo, na alipolisimulia jambo hilo uzeeni sauti yake ilikuwa bado na hasira. Alieleza kwamba tuta lilichukua ardhi ya chakula, lilichimbwa kwa nguvu za wanawake zaidi kuliko za wanaume, na juu ya yote liliamriwa na watu waliofika kwa gari asubuhi wakashuka kwa gari jioni. Chuki ile iliijenga TANU milimani kuliko hotuba yoyote, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru kufika. Lakini mmomonyoko wenyewe ulikuwa wa kweli, na haukuondoka pamoja na wakoloni. Nitaurudia, kwa sababu ndio unaoishambulia barabara.

Kilichoibadilisha barabara hii kuliko utawala wowote ni kabichi. Mbegu za mboga za Kizungu na miche ya mapeasi, mapichesi na maplamu zililetwa na wamisionari na walowezi kwa meza zao wenyewe. Wasambaa wakaziangalia, wakazijaribu mabondeni penye maji, na baadaye wakazigeuza kuwa kilimo chao cha fedha. Miji ya Tanga na Dar es Salaam ilipokua, mboga ambazo haziwezi kuota kwenye joto la pwani zilihitaji kutoka mahali fulani, na huu ulikuwa mmoja wa milima yenye baridi iliyo jirani na miji hiyo. Leo kabichi, karoti, nyanya, hoho, viazi na maharage huteremka kila siku kutoka Lukozi, Malindi, Mlalo, Magamba, Bumbuli na Soni. Barabara iliyofikiriwa kwa ajili ya kumpandisha mgonjwa wa malaria imekuwa ya kuteremshia mboga, na ninaona fahari kubwa katika jambo hilo, kwa maana hakuna serikali iliyowapangia wakulima waifanye hivyo.

Ukitaka kuiona barabara ikifanya kazi yake, usiende mchana. Mboga huvunwa asubuhi, huoshwa mtoni, hufungwa alasiri, na malori hujaza jioni ili yafike Dar es Salaam alfajiri, soko linapofunguka. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu yake fupi kuliko zote, hii ya kushuka mlima, ndiyo inayomtia dereva wasiwasi. Kabichi hupangwa moja moja kwa mkono, kichwa juu ya kichwa, mpaka ukuta wake unapita kimo cha bodi ya lori. Nyanya huwekwa kwenye matenga na maboksi ya mbao, viazi kwenye magunia. Hapo ndipo penye lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake na kushonewa kwa kamba, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na ambalo mkulima hulijaza tena na tena kwa kuwa dalali aliyeleta lori ndiye mwenye usafiri. Watu hulaumu uroho wa dalali peke yake. Mimi naona barabara nayo imo. Mkulima wa mahali penye njia mbili au tatu anaweza kumwambia dalali mmoja apite zake. Mkulima aliye na mlango mmoja tu wa kutokea, na mboga ambayo kesho itanyauka, hana pa kusimamia anapopatana bei.

Soni ndipo mahali ambapo biashara hii huonekana kwa ukubwa wa binadamu. Kina mama husimama kando ya lami na mapeasi kwenye ndoo na visado, na basi likipunguza mwendo wanakimbia nalo, mkono mmoja umeinua chombo, mwingine unapokea fedha dirishani, na chenji hurudishwa kwa usahihi kabla gari halijashika kasi. Wameujua mwendo wa kila basi. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuwa hifadhi ya barabara, na kwa sheria hiyo kina mama hao, meza zao na hata baadhi ya nyumba za Soni ziko pasipostahili. Sheria hiyo inaeleweka nyikani. Hapa mlimani mita 30 za upande mmoja ni mwamba na mita 30 za upande wa pili ni bonde, kwa hiyo mahali palipo tambarare kwa ajili ya mtu kusimama ni palepale pembeni mwa lami. Ningependa wanaopanga mipango waanze na ukweli huo: wajenge vituo vya kusimama magari na vibanda vya kuuzia kwenye sehemu chache zilizopanuka, badala ya kuwaondoa watu bila kuwaonyesha pa kwenda.

Tangu mwaka 2000 matunzo ya barabara kuu na za mikoa yako chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na tangu 2017 njia za vijijini zinazoungana nazo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mgawanyo huo una mantiki kwenye karatasi, ila maji hayaufuati. Mvua za masika au za vuli zinapokolea, maji hukusanyika kwenye vijia vya mashambani, hushuka kwenye njia ya kijiji ambayo mtaro wake haukuzibuliwa, kisha huangukia barabara ya mkoa yakiwa na udongo, mawe na mabua ya mahindi. Kalavati likizibwa na mabua hayo, maji hupanda juu ya lami, hutafuta ukingo wa nje na kuanza kuula kwa chini. Mpita njia huona lami nzima na kudhani pako salama, kumbe chini yake pamebaki tupu. Upande wa ndani nao ukuta uliokatwa hulowa mpaka ukashindwa kujibeba, na usiku mmoja kifusi kinafunga njia. Siku hizo wilaya nzima husimama: abiria hushuka na mizigo kichwani wakavuka tope kwa miguu, magari ya upande wa pili yakawapokea, na mboga zilizokwisha kufungwa zikauzwa kwa bei ya kutupa au zikapewa ng'ombe.

Dawa ya jambo hili haikuanzia kwenye lami, ndiyo maana nimesema nitaurudia mmomonyoko. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto, uliofahamika kwa jina la SECAP, ulifanya kazi Lushoto kwa karibu miaka 20 na msaada wa Ujerumani, na safari hii watu hawakulazimishwa. Walipanda majani ya malisho kwenye kontua, wakafunga ng'ombe zizini, wakachanganya miti na mazao, kwa kuwa waliona faida yake kwenye maziwa, samadi na kuni. Kilichomkasirisha babu yangu kilikuwa amri isiyomjali, si kuhifadhi udongo, na kizazi cha wanawe kilithibitisha hilo kwa majembe yao. Mpaka leo unaweza kuitambua miteremko iliyotunzwa kwa ule mstari wa majani unaokata shamba kwa usawa. Barabara inayopita chini ya shamba la namna hiyo hupata maji machache na safi. Iliyo chini ya shamba lililolimwa kwa kushuka mteremko, bila jani wala mti, hupata kifusi. Fedha zinazotumika kila mwaka kuondoa kifusi zingefanya kazi kubwa zaidi kama sehemu yake ingelipwa kwa vijiji vya juu ya barabara kwa ajili ya kupanda majani na kuzibua mitaro yao kabla ya Machi.

Kutoka Soni hadi Lushoto njia hutulia kidogo, ikipita kwenye mabonde ya bustani na mashamba ya migomba, na mji wenyewe huonekana ghafla ndani ya miti mirefu. Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ina ofisi za utafiti wa misitu, ina soko linalostahili kutembelewa siku ya gulio. Watu wengi wa nje huishia hapo. Barabara hata hivyo inaendelea kupanda hadi Magamba, kando ya msitu uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia, kisha inagawanyika kuelekea Mlalo, Lukozi na Mtae, mji ulio kwenye ncha ya mlima ambapo siku yenye anga safi unaziona nyika za Mkomazi hadi upande wa Kenya. Mbele ya Magamba lami si ya kutegemewa kote, na masika bei ya kubeba gunia kutoka shambani hadi mahali lori linapoweza kufika hupanda kuliko bei ya kulisafirisha kutoka hapo hadi mbali zaidi, jambo ambalo mlaji wa Dar es Salaam analilipa bila kulijua.

Reli imeanza kurudi. Treni za mizigo za Tanga na Moshi zilifufuliwa mwaka 2019, na za abiria kutoka Dar es Salaam zikafuata mwishoni mwa mwaka huo. Kama behewa la mboga lenye ubaridi lingesimama Mombo, lori la mlimani lingekuwa na kilomita chache tu za kwenda, lingerudi juu usiku uleule, na uzito ungegawanywa kwenye magari madogo yanayoihurumia njia. Lakini hata treni haitafaa kitu siku ambayo korongo limefungwa, na ndiyo sababu jambo la dharura zaidi, kwa maoni yangu, ni njia ya pili. Iko tayari kwenye ramani: kutoka Soni kwenda Bumbuli, kupita nchi ya chai ya Mponde, kushuka Dindira hadi Korogwe. Ni ndefu, ina udongo unaoteleza, na madereva wa malori huikwepa mvua zinapoanza. Isilinganishwe na ile ya Mombo kwa idadi ya magari yanayoipita siku ya kawaida, maana kwa hesabu hiyo itashindwa kila bajeti. Ihesabiwe kwa siku ambazo ile nyingine haipitiki, na ikarabatiwe kwa kiwango cha kupitisha lori lenye kabichi katika mwezi wa Aprili, ikianzia na madaraja na ile miteremko ya Dindira ambako magari hukwama.